Kuipigania pabu ya mtaa wako Uingereza: karatasi kwanza, kelele baadaye

Ukiona bango la dalali limepigiliwa kwenye ukuta wa pabu ya mtaani kwako, jua umeshachelewa. Bado yapo ya kufanya, ila kazi ambayo ungeifanya taratibu kwa mwaka mzima sasa utaifanya kwa wiki chache, tena ukihema. Ndivyo ilivyotukuta sisi katika mji mmoja mdogo wa kaskazini, na tuliponea tundu la sindano.

Nawaandikia Waswahili wenzangu tunaoishi huku. Najua wengi wetu hatunywi, na wengine wanakunywa ila pabu wanaiona ni ya wenyeji. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku tuliposikia pabu yetu inauzwa, ndipo tukakumbuka kuwa chama chetu cha kufa na kuzikana kimekuwa kikikutana kwenye chumba chake cha nyuma kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, bure, kwa miaka saba. Soda na chai tulikuwa tunanunua. Ukumbi wa kukodi pale mjini tusingeuweza.

Nitasema Uingereza kwa mazoea, lakini sheria nitakazozitaja, za kuorodhesha majengo yenye thamani kwa jamii na za vibali vya ujenzi, ni za England. Ukiwa Scotland, Wales au Ireland Kaskazini, uliza za huko.

Jua unachokipigania

Bia ya jadi ya Waingereza ni ile ya kasiki, yaani pipa. Inatoka kiwandani ikiwa hai, hamira bado imo, na inaendelea kuchachuka ndani ya kasiki kwenye stoo iliyo chini ya pabu. Mhudumu anaivuta juu kwa pampu ya mkono, bila gesi ya kuisukuma. Inataka ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13 hivi, wala si baridi ya friji. Kasiki lililozoeleka lina galoni 9, yaani painti 72, na likishafunguliwa una kama siku tatu kabla ladha haijaanza kugeuka.

Mtu wa Kilimanjaro hahitaji maelezo marefu hapo: ni mambo ya mbege. Huwezi kuipanga kwenye rafu ya supamaketi ikakaa miezi. Inataka mtu anayejua kuitunza, na inataka wanywaji wa kutosha waimalize kabla haijaharibika. Pabu ikifungwa, bia hii haina pengine pa kwenda. Ndiyo maana kuipigania bia hii huku kumekuwa ni mambo ya majengo, vibali na ushuru kuliko mambo ya ladha.

Waliolianzisha hili walianza na ladha. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland walikaa kwenye baa ya Kruger's, kijijini Dunquin, wakilalamika kuwa kampuni kubwa za kwao zinaiua bia ya kasiki na kuleta bia ya kegi, iliyochujwa, kuuliwa hamira na kutiwa gesi. Wakaunda kikundi ambacho leo kinaitwa CAMRA, yaani Kampeni ya Bia Halisi, na makao yake yako St Albans. Baadaye kikajifunza kuzungumza na mawaziri. Tawi lao la karibu na wewe litakupa fomu, mifano ya barua na watu waliokwisha kupita njia hii. Waandikie mapema.

Hatua ya kwanza: jiandikishe kupiga kura

Hili watu wetu hulipuuza. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa ruhusa halali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, za udiwani na za ubunge. Maana yake Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, hata kama hana pasi ya Kiingereza. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawamo kwenye haki hiyo mpaka wapate uraia, ila mkazi yeyote wa Uingereza anaweza kusaini maombi yanayopelekwa Bungeni kupitia tovuti ya Bunge.

Kwa nini nimeanza hapa? Kwa sababu kwenye hatua ya tatu utahitaji watu 21, na majina yao yatatafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Mara ya kwanza sisi tulikuwa na majina 26 kwenye karatasi. Halmashauri ilipohakiki, 17 tu ndio waliokuwa kwenye daftari.

Hatua ya pili: mjue mwenye jengo

Mtu unayemwona kaunta mara nyingi ni mpangaji tu. Jengo linaweza kuwa la kiwanda cha bia, au la kampuni yenye mamia ya pabu, au la tajiri mmoja aliyelinunua akiwaza fleti. Kwa ada ndogo, Masijala ya Ardhi itakupa hati yenye jina la mmiliki.

Kisha nenda ukaongee na mpangaji, asubuhi kabla ya wateja. Usianze kubandika matangazo kwenye mlango wake bila yeye kujua. Anaweza kuwa kwenye mazungumzo nyeti ya kodi, na kelele zako zikamponza. Muulize kama amefungwa. Neno hilo lina maana yake huku: pabu iliyofungwa ni ile ambayo mpangaji analazimika kununua bia kwa mwenye jengo, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko ya soko. Biashara inaweza kuwa na wateja tele na bado isilipe, kwa sababu faida inaondokea kwenye kasiki kabla halijafika kaunta.

Mwaka 1989 serikali ilijaribu kuvunja mshiko huo kwa kuzibana kampuni kubwa za bia zenye pabu zaidi ya 2,000. Kampuni zikauza pabu, nazo zikaangukia mikononi mwa kampuni mpya ambazo hazipiki bia kabisa lakini zinawafunga wapangaji vilevile. Mkono mwingine, kamba ileile. Ilichukua miaka 25 mpaka Novemba 2014, mbunge Greg Mulholland alipopeleka marekebisho Bungeni serikali ikiyapinga, na yakapita kwa kura 284 dhidi ya 269. Kanuni za Pabu zilianza kazi mwaka 2016. Zinazihusu kampuni zenye pabu 500 au zaidi zilizofungwa, na zinampa mpangaji, kwa nyakati maalumu, haki ya kudai kulipa kodi ya soko tu na kununua bia anakotaka. Mpangaji wetu hakuwa amewahi kuzisoma. Muulize wa kwako kama amezisoma.

Hatua ya tatu: iorodheshe kabla haijaguswa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Sheria ya mwaka 2011 inawapa wananchi wa England nafasi ya kuiomba halmashauri iliweke jengo kwenye orodha ya mali zenye thamani kwa jamii. Maofisa watakutajia herufi ACV, ndiyo hiyo. Pabu ya kwanza kuingia orodhani ilikuwa Ivy House, Nunhead, kusini mwa London, mwaka 2012. Mwaka uliofuata wakazi wenyewe wakainunua.

Anayeomba anaweza kuwa baraza la kijiji, shirika la hisani la eneo hilo, au kikundi cha kawaida kisichosajiliwa, mradi kina wanachama 21 walio kwenye daftari la wapiga kura la halmashauri hiyo au ya jirani. Kikundi chetu kiliundwa jioni moja kwenye pabu yenyewe: jina, lengo la sentensi mbili, mwenyekiti, katibu, saini. Basi.

Fomu inauliza mambo manne makubwa. Inataka maelezo ya jengo na mipaka yake, jina la mmiliki na la anayelitumia, sababu za kusema jengo lina faida kwa jamii, na uthibitisho kwamba ninyi mna haki ya kuomba.

Kwenye mipaka ndipo tulipoumia. Tulikata ramani, tukalizungushia jengo kalamu nyekundu, tukapeleka. Hatukuzungushia maegesho ya magari wala bustani ya nyuma. Mjenzi hahitaji pabu yenyewe ili aiue. Akipewa maegesho na bustani akajenga nyumba nne pale, pabu itabaki imebanwa, watu wa zile nyumba wataanza kulalamika juu ya muziki, na baada ya miaka miwili atarudi aseme, mnaona, biashara hailipi. Zungushia kila kitu: bustani, maegesho, banda la makasiki matupu, hata uchochoro wa lori la bia.

Kwenye sababu, usiandike kwamba bia yao ni tamu. Halmashauri inapima kama matumizi ya jengo yanaendeleza ustawi au maslahi ya jamii ya pale, na kama inawezekana yakaendelea. Andika matumizi, siku na idadi. Wazee wanakula pale Jumatano. Timu ya vishale ina mechi Jumanne. Kuna maswali ya chemshabongo yanayochangia hospitali ya watoto. Kilichotubeba sisi mara ya pili ni daftari la mahudhurio la chama cha kuzikana, kurasa zenye madoa ya chai, tarehe na majina miaka saba mfululizo. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenyekiti wetu, aliyapiga picha yote kwa simu akayaambatanisha. Ofisa akasema hajawahi kuona ushahidi wa namna hiyo.

Halmashauri ina wiki 8 za kuamua. Ikikubali, jengo linakaa orodhani miaka 5. Ndani ya muda huo, mmiliki akitaka kuuza lazima aijulishe halmashauri. Hapo mna wiki 6 za kusema mnataka kujaribu kununua. Mkisema, mauzo kwa mtu mwingine yanasimama mpaka itimie miezi 6 tangu taarifa ilipotolewa. Baada ya hapo mmiliki yuko huru.

Nisikudanganye kuhusu nguvu yake. Mmiliki halazimiki kuwauzia ninyi, hata mkifika na fedha yote mkononi. Na akiiuza pabu ikiwa biashara inayoendelea, kusubiri huko hakumhusu. Orodha inakununulia muda, na kwenye kikao cha vibali inakuwa ushahidi kwamba jengo lina wenyewe. Julai 2025 serikali ilipeleka Bungeni muswada wenye pendekezo la kuurefusha muda huo mpaka miezi 12 na kuipa jamii haki ya kununua kwanza. Kabla hujajaza fomu, angalia sheria imefikia wapi.

Hatua ya nne: linda mlango wa vibali

Zamani mtu aliweza kuigeuza pabu duka, au hata kuibomoa, bila kuomba ruhusa ya mipango. Tangu Mei 2017 hilo limekwisha England: kubadili matumizi na kubomoa vyote vinahitaji kibali. Ushindi huo ulitokana na barua za miaka mingi.

Jisajili kwenye tovuti ya halmashauri upate taarifa kila ombi la postikodi yako linapoingia. Kwa kawaida mna siku 21 za kutoa maoni. Kwenye pingamizi, zungumzia mambo yanayohesabika kisheria: kupotea kwa huduma ya jamii, historia ya jengo, umbali wa pabu nyingine. Tabia ya mmiliki na thamani ya nyumba yako waachie wapiga soga.

Mwombaji karibu kila mara atasema pabu hailipi. Uliza maswali ya mfanyabiashara. Ilitangazwa kuuzwa kama pabu, kwa muda gani, kwa bei ya pabu au ya kiwanja cha fleti? Hesabu anazoonyesha ni za mpangaji aliyefungwa au aliye huru? Jikoni lilikuwa linafanya kazi? CAMRA wana kipimo chao cha kuchunguza uwezo wa pabu kibiashara, na maswali yake mengi unaweza kuyachukua kama yalivyo.

Siku ya kikao mtapewa dakika chache, tatu katika halmashauri nyingi. Asimame mtu mmoja. Sisi tuliweka mkunga mstaafu asiyekunywa pombe, na madiwani walimsikiliza kuliko ambavyo wangenisikiliza mimi.

Piga picha za jengo zote mapema, ndani na nje, vigae, madirisha, kaunta, dari. Carlton Tavern ya Maida Vale, London, ilibomolewa bila kibali Aprili 2015. Wakazi walikuwa wameshaingiwa na wasiwasi na kuomba ilindwe kama jengo la historia, kwa hiyo kumbukumbu zake za kina zilikuwapo. Mmiliki akaamriwa aijenge upya kama ilivyokuwa. Ikafunguliwa tena Aprili 2021, miaka sita baadaye. Crooked House, ile pabu ya Himley iliyoinama kwa sababu ya machimbo ya makaa chini yake, iliungua usiku wa tarehe 5 Agosti 2023 na kufikia tarehe 7 ilikuwa kifusi. Februari 2024 halmashauri ilitoa amri ijengwe upya ndani ya miaka mitatu.

Hatua ya tano: diwani na mbunge

Diwani ndiye anayehusika na kibali. Mbunge hapigi kura kwenye kikao hicho, lakini barua yake inasomwa. Mbunge hushughulikia watu wa jimbo lake tu, hivyo anwani yako kamili na postikodi ziwe juu kabisa. Andika kwa maneno yako. Barua 40 zinazofanana neno kwa neno zinahesabiwa kama moja. Itakwenda kwa Kiingereza, lakini mwendo wake uwe kama huu:

*Mheshimiwa, mimi ni mkazi wa jimbo lako. Pabu iliyo mwisho wa mtaa wetu inaombewa kibali igeuzwe nyumba. Jumatano wazee kumi na wawili hula pale chakula cha mchana. Pabu nyingine iko maili mbili, na basi la mwisho linapita saa kumi na mbili jioni. Nakuomba mambo mawili. Mwandikie mkuu wa mipango wa halmashauri kabla ya kikao cha tarehe 14. Na unijulishe kama utaunga mkono ushuru nafuu kwa bia inayouzwa kwenye pabu.*

Omba jambo linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana. Ukiandika "naomba utusaidie", utajibiwa kwamba anawaunga mkono kwa moyo wote, na habari itaishia hapo. Kura za 2014 zilitofautiana kwa 15 tu. Wabunge 15 ni idadi ambayo barua zinaweza kuisogeza.

Hatua ya sita: ushuru

Hili ni la kitaifa na mtaa peke yake hauliwezi, ila saini zako zinahesabika. Ombi la tovuti ya Bunge likifika saini 10,000 serikali inalijibu; likifika 100,000 linafikiriwa kujadiliwa. Mwaka 2008 serikali iliweka utaratibu wa kupandisha ushuru wa bia kila mwaka juu ya mfumuko wa bei. Ombi la kuupinga lilivuka saini 100,000 mwaka 2012, likajadiliwa Bungeni, na bajeti ya Machi 2013 ikaufuta na kupunguza peni moja kwa painti.

Hata namba ndogo hupiganiwa. Nafuu ya ushuru kwa bia ya pabu ilipopendekezwa mwaka 2021, ilitaka chombo kisipungue lita 40. Kasiki la galoni 9 lina lita kama 41, lingepita kwa shida; la galoni nne na nusu lisingepita, na viwanda vidogo vingi hutumia vyombo vidogo. Wapika bia na wanywaji wakapiga kelele, kikomo kikashushwa mpaka lita 20, na hivyo ndivyo nafuu ilivyoanza Agosti 2023.

Mtu atakuuliza mkutanoni, mnataka watu walewe? Usimkwepe. Pombe inaharibu nyumba, na sisi tumezizika baadhi kupitia chama kilekile. Mimi hujibu kwamba pabu ina mtu kaunta anayeweza kusema basi, leo imetosha; kopo la bei rahisi lililonunuliwa supamaketi halina.

Hatua ya saba: mgomo, ukibidi

Desemba 2006 kampuni ya Greene King iliiondoa bia ya Harveys, inayopikwa mji uleule, kwenye pabu yake ya Lewes Arms huko Lewes. Wateja wakasusa kuingia. Wakasusa siku 133, na Aprili 2007 Harveys ikarudi kwenye pampu. Lakini kampuni ile iliweza kustahimili hasara ya miezi minne; mpangaji mdogo anayejilipia kodi atafilisika kabla mwenye jengo hajasikia. Msisusie pabu ya mpangaji.

Hatua ya nane: kununua

Njia iliyozoeleka ni kusajili ushirika wa manufaa ya jamii na kuuza hisa. Kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka pauni 100 au 10,000. Old Crown ya Hesket Newmarket, Cumbria, imeendeshwa kwa ushirika tangu 2003. Shirika la Plunkett husaidia na kanuni za ushirika na mpango wa biashara. Mfuko wa serikali wa kununulia mali za jamii ulifungwa Desemba 2024, kwa hiyo usipange hesabu zako juu yake. Na mtafute mwendesha pabu kabla ya kutafuta fedha. Kupika na kutunza kasiki ni ufundi, na kamati ya watu kumi na mmoja haiwezi kuvuta painti.

Sisi hatukufika huko. Jengo lilinunuliwa na kiwanda kidogo cha bia cha wilaya ya jirani, mpangaji akabaki, na Jumapili ya kwanza ya mwezi chai bado inachemka kwenye chumba cha nyuma. Miaka yetu 5 ya orodha inakwisha Oktoba, na halmashauri haikumbushi mtu. Mzee wa reli ameshachukua fomu mpya, na kwenye ramani amezungushia mpaka uchochoro wa lori.